Safu ya nne: Jinsi matini moja inavyoweza kuzaa tovuti na kitabu cha sheria

Kila sheria inayopitishwa nchini Rwanda huchapishwa katika Gazeti la Serikali, Igazeti ya Leta, na ukurasa wake hutambulika hata kwa mbali. Safu tatu zimesimama bega kwa bega: ya kwanza ya Kinyarwanda, ya pili ya Kiingereza, ya tatu ya Kifaransa. Ibara ya kumi ya safu moja huanza usawa mmoja na ibara ya kumi ya safu nyingine, ili msomaji aweze kuvuka kutoka lugha hadi lugha bila kupotea. Ni mpangilio wa heshima, na wa kazi ngumu. Lakini lugha rasmi za nchi ni nne. Kiswahili kilipewa hadhi hiyo kwa sheria ya tarehe 20 Aprili 2017, baada ya wabunge mjini Kigali kuikubali hoja hiyo mwezi Februari mwaka huohuo. Ukurasa wa kawaida wa Gazeti umebaki na safu tatu.

Kutafsiri sheria kunahitaji wataalamu, muda na fedha, na hayo huamuliwa na wenye mamlaka. Ipo hata hivyo sababu nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni nafasi. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiondoa pambizo, hubaki takriban 170, na safu tatu hupata kama milimita 55 kila moja. Ongeza safu ya nne, na kila lugha itabaki na milimita 40 tu. Neno la Kiswahili kama "yaliyokwishachapishwa" lina herufi 21. Katika safu nyembamba kiasi hicho neno hilo peke yake hujaza karibu mstari mzima. Kinyarwanda nacho hakina haya ya kuunda maneno marefu.

Jambo hili si la wachapaji peke yao. Katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, Kiswahili kimekuwa lugha ya biashara na ya nyumbani tangu zama za wafanyabiashara waliotoka pwani. Wapo pia waliorejea baada ya 1994 kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na wapo madereva wa malori wanaoingia kila siku kwa mpaka wa Rusumo. Mmoja wao akifungua duka na kuandika katika daftari majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya wateja, tayari anaguswa na Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha, yenye adhabu za faini na hata kifungo. Kutojua sheria iliyochapishwa ipasavyo si utetezi mahakamani. Duka lipo, wajibu upo, na maelezo ya wajibu huo yako katika safu tatu ambazo mwenye duka huenda asizisome kwa ufasaha.

Ukurasa si sheria

Ugumu wa safu ya nne huzaliwa pale ukurasa unapochukuliwa kuwa ndiyo hati yenyewe. Mwandishi hukaa mbele ya kompyuta, huchora jedwali la safu tatu, humimina maandishi ndani yake, husogeza mistari mpaka ibara zilingane, kisha hulihifadhi kama faili la PDF. Faili hilo likichapishwa kwenye karatasi, linapendeza. Likifunguliwa kwenye simu, msomaji hulazimika kulivuta huku na huko kwa vidole viwili ili asome sentensi moja. Na mtu akitaka safu ya Kinyarwanda peke yake, hana budi kuinakili upya, ibara kwa ibara.

Njia tofauti ilianza kutafutwa zamani, na inafurahisha kwamba ilianzia kwenye hati za kisheria. Mwaka 1969 Charles Goldfarb, mwanasheria aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, pamoja na wenzake Edward Mosher na Raymond Lorie, walikabidhiwa kazi ya kuunganisha mifumo ya kompyuta ya ofisi za mawakili. Programu moja ilikuwa ya kuandikia, nyingine ya kutafutia, nyingine ya kupangia kurasa, na kila moja ilitaka amri zake ndani ya maandishi. Jibu lao lilikuwa kuondoa katika maandishi amri zote za sura, kama vile "weka herufi nene" au "ruka mstari", na kuweka badala yake alama zinazosema kipande hiki ni nini: hiki ni kichwa, hiki ni kifungu, hili ni tanbihi. Sura itaamuliwa baadaye, na programu nyingine. Lugha yao ya alama iliitwa GML, herufi za mwanzo za majina ya ukoo ya watu hao watatu. Kutokana nayo ilipatikana SGML, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, kisha XML mwaka 1998; nayo HTML, lugha ambayo kurasa zote za intaneti huandikwa kwayo, ni ya ukoo huohuo.

Kwa kanuni hiyo, matini ya sheria huhifadhiwa mara moja tu, pasipo upana wala urefu, pasipo rangi wala aina ya herufi. Kutoka hapo kompyuta huzalisha kinachotakiwa: ukurasa wa simu wenye safu moja, ukurasa wa kompyuta wenye safu mbili alizozichagua msomaji, Gazeti la safu tatu kwa ajili ya kumbukumbu za taifa, au kijitabu cha Kinyarwanda na Kiswahili cha kuwekwa katika ofisi ya umurenge. Swali la iwapo safu nne zinaenea kwenye A4 hupoteza uzito, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa kuziweka zote mahali pamoja.

Mizizi iliyo Nairobi

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika historia hii. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Umoja wa Mataifa uliendesha jijini Nairobi mpango wa kuyasaidia mabunge ya Afrika kutunza kumbukumbu zao kwa kompyuta. Katika mpango huo ilitengenezwa programu huria iliyoitwa Bungeni, jina lisilohitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kiswahili. Kikatengenezwa pia kiwango cha kuandikia hati za mabunge na mahakama kwa XML, kiitwacho Akoma Ntoso, maneno ya lugha ya Akan ya Afrika Magharibi yenye maana ya mioyo iliyounganishwa. Wasanifu wake wakuu, Fabio Vitali na Monica Palmirani, ni wa Chuo Kikuu cha Bologna nchini Italia. Mwaka 2018 kiwango hicho kilichozaliwa kwa ajili ya Afrika kilipitishwa na shirika la OASIS kuwa kiwango cha kimataifa.

Shirika lisilo la kibiashara la Laws.Africa, lenye makao yake Afrika Kusini, hutumia Akoma Ntoso katika programu yake huria ya Indigo, ambayo kutokana na matini moja hutoa ukurasa wa tovuti, faili la PDF na kitabu cha kielektroniki. Sheria za Rwanda zinazosomwa katika tovuti ya RwandaLII hufuata mpango huohuo. Anwani ya sheria ya taarifa binafsi iliyotajwa juu yatosha kuonyesha fikra iliyo nyuma yake: akn/rw/act/law/2021/58/eng. Isomwe polepole. Herufi "rw" ni nchi, kisha aina ya hati, mwaka, namba, na mwishoni "eng", yaani Kiingereza. Badili herufi hizo tatu ziwe "kin" au "fra" na sheria inabaki ileile, kwa lugha nyingine. Kiswahili nacho kina msimbo wake wa kimataifa, "swa". Mahali pa kuliweka neno hilo pamekuwapo katika usanifu tangu siku ya kwanza. Kinachokosekana ni maandishi.

Hapo wakutubi watatambua wazo wanalolijua. Tangu 1998 shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba limekuwa likitenganisha kazi yenyewe, namna ilivyosemwa, na umbo ilimotolewa. Sheria ni kazi moja. Kinyarwanda na Kiswahili ni namna mbili za kuisema. Karatasi na skrini ni maumbo. Chombo kinachochanganya ngazi hizi tatu kitamsumbua mtumiaji wake maisha yote.

Ibara au kifungu?

Usanifu wa chombo cha aina hii huonekana mwepesi mpaka lugha halisi zinapoingia. Chukua namba za ibara. Katika sheria za Rwanda ibara ya kwanza huandikwa kwa maneno, "Ingingo ya mbere", na Kifaransa husema "Article premier", ilhali ya pili na kuendelea huandikwa kwa tarakimu. Kompyuta iliyoambiwa tu "andika neno Ingingo na namba yake" itaharibu mambo kwenye mstari wa kwanza. Kwa hiyo chanzo hakitakiwi kubeba maneno hayo hata kidogo. Hubeba taarifa mbili tu, kwamba hapa inaanza ibara, na kwamba ni ya kwanza. Kila lugha huwa na kanuni yake ya kuitamka taarifa hiyo.

Kwa Kiswahili tatizo lina mguu wa pili. Nchini Tanzania, Katiba ina ibara na sheria za kawaida zina vifungu. Rwanda ingechagua lipi? Ikiwa neno limo katika kanuni na si katika matini, vichwa vyote vya sheria vinaweza kubadilishwa kwa amri moja. Ndani ya sentensi, hata hivyo, Kiswahili hakikubali kubadilishiwa nomino kimyakimya. "Ibara hii iliyotangulia" haigeuki "kifungu hii iliyotangulia". Ni lazima iwe "kifungu hiki kilichotangulia", na kila kitenzi na kivumishi kilichofuata kibadilike nacho. Wasanifu waliozoea Kiingereza mara nyingi hudhani neno moja linaweza kuchomolewa na jingine kuchomekwa mahali pake. Ngeli hukataa. Anayesanifu chombo kwa ajili ya Kinyarwanda na Kiswahili afadhali aruhusu mashine ibadili vichwa, namba na viungo peke yake, na sentensi aziache mikononi mwa binadamu.

Istilahi nazo zina mvutano wake. Tanzania ilipotunga sheria kama hiyo mwaka 2022 iliiita Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini wapo wasemaji wengi wa Kiswahili waliokwisha kuzoea kusema "data". Tanzania hiyohiyo ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zake, na kwa hiyo inaendelea kuzalisha istilahi ambazo mfasiri wa Kigali angeweza kuziazima. Busara ni kuwa na orodha moja ya istilahi inayotumiwa na hati zote, ili mfasiri wa leo asitoe neno moja na wa kesho akatoa jingine kwa dhana ileile. Orodha hiyo nayo ni chanzo cha pamoja, na pengine ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote.

Karatasi ina masharti yake

Wapo wanaodhani karatasi imepitwa na wakati na kwamba tovuti yatosha. Mjini Kigali, kama kwingineko katika eneo hili, wakili huingia mahakamani na nakala, abunzi wanaosuluhisha migogoro vijijini husoma nakala, na mtu asiye na fedha ya kununulia vifurushi vya intaneti hubaki na nakala. Karatasi haina kiungo cha kubofya: pale tovuti inaposema "tazama ibara ya 12", chapa inapaswa kutaja pia ukurasa, na ukurasa haujulikani mpaka hati nzima iwe imepangwa. Ndiyo maana programu za kupanga kurasa, tangu TeX ya Donald Knuth iliyotoka mwaka 1978, aghalabu hulazimika kuipitia hati zaidi ya mara moja.

Kulinganisha safu ndiko kunakotoa jasho zaidi. Ibara ileile ikiandikwa kwa Kifaransa huelekea kuwa ndefu kuliko ya Kiingereza. Chombo hupima urefu wa ibara katika kila lugha, huchukua ile iliyo ndefu zaidi, kisha huanzisha ibara inayofuata chini ya hapo katika safu zote. Ibara ikiwa ndefu kuliko ukurasa, hapana budi kuikata, na mkato lazima uangukie mahali pamoja kimaana katika lugha zote. Hilo haliwezekani isipokuwa kila aya, na si kila ibara tu, ina kitambulisho kimoja kinachoshirikiwa na lugha zote. Hapa hupatikana faida ambayo huenda wasanifu wa mwanzo hawakuitazamia. Mfasiri akiunganisha aya mbili kuwa moja, au akiruka moja kwa uchovu, hesabu ya vitambulisho haitalingana na chombo kitapiga kelele kabla ya chapa. Jicho la mhariri aliyesoma kurasa mia mbili huweza kupitwa na kosa hilo, hesabu haipitwi.

Kukata maneno mwishoni mwa mstari, kwa bahati nzuri, ni mahali ambapo Kiswahili humrahisishia kazi mchapaji. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, hivyo neno hukatwa baada ya irabu, kwa sharti la kutotenganisha herufi za sauti moja kama "sh", "ch" na "ng'". Maneno ya mkopo kama "daftari" huhitaji uangalifu kidogo. Kiingereza, kwa kulinganisha, huhitaji kamusi nzima ya mikato.

Mkono wa dakika ya mwisho

Adui mkubwa wa mfumo wa chanzo kimoja ni haraka. Jioni ya siku ya kuchapa, mtu hugundua herufi iliyokosewa. Njia ya mkato ni kulifungua faili la PDF, kuirekebisha hapo na kulipeleka mtamboni. Karatasi itatoka safi, na tovuti itabaki na kosa, na kuanzia usiku huo kutakuwa na sheria mbili. Kwa hiyo kanuni inayopaswa kuwekwa mapema ni kwamba kilichozalishwa hakiguswi. Anayetaka kusahihisha hurudi kwenye chanzo na kuzalisha upya. Kanuni hiyo haitadumu ikiwa kuzalisha upya kunachukua saa tatu. Kasi ya chombo, kwa sababu hiyo, ni sehemu ya uaminifu wake.

Vilevile haitadumu ikiwa kuandika ndani ya chanzo ni mateso. Wanaotunga sheria ni wanasheria, si watengenezaji wa programu, na hakuna sababu ya kuwalazimisha kuandika mabano na alama za XML kwa mkono. Mradi wa Bungeni uliliona hilo na kukijengea kihariri chake juu ya OpenOffice, ili mwandishi aone ukurasa aliouzoea. Indigo imechukua njia nyingine: mwandishi huandika maandishi ya kawaida yenye mpangilio mwepesi wa vichwa na mistari, na kompyuta hutambua yenyewe wapi sura inaanza na wapi ibara inaishia.

Gazeti likishatoka, halifutwi. Kosa lililochapishwa husahihishwa kwa chapisho jingine, na sheria hurekebishwa kwa sheria nyingine. Tovuti kwa tabia yake hupenda kuonyesha hali ya leo tu. Chanzo kinapaswa kukumbuka vyote viwili: jinsi sheria ilivyotoka siku ya kuchapishwa na jinsi inavyosomeka baada ya kila rekebisho, kila toleo na tarehe yake. Mfanyabiashara anayeshtakiwa kwa jambo la mwaka 2022 anahitaji sheria ya mwaka 2022.

Lugha ipi ina neno la mwisho?

Karibu na mwisho wa sheria nyingi za Rwanda kuna ibara fupi ambayo wasomaji wengi huiruka. Hueleza sheria iliandikwa kwa lugha gani, ikajadiliwa na kupitishwa kwa lugha gani. Mara nyingi husema iliandaliwa kwa Kiingereza na kupitishwa kwa Kinyarwanda. Uzito wake ni mkubwa, kwa sababu lugha zikigongana, inayotawala ni ile iliyotumika kuipitisha sheria. Katika usanifu wa chombo, taarifa hiyo haiwezi kuachwa kama maandishi ya kawaida tu. Ni lazima iwe alama ndani ya chanzo, ili kila umbo linalozalishwa lijue lugha ipi ni ya asili na zipi ni tafsiri.

Safu ya Kiswahili, siku itakapoandikwa, ina uwezekano mkubwa wa kuwa tafsiri kwa miaka mingi. Nyingine zitakuwa nusu: ibara ishirini zimetafsiriwa, thelathini bado. Kishawishi cha msanifu ni kujaza pengo kwa Kiingereza bila kusema neno, ili ukurasa uonekane kamili. Afadhali pengo lionekane, likiwa na maelezo kwamba ibara hiyo haijatafsiriwa na kiungo cha matini ya Kinyarwanda. Na tamko kwamba haya ni maandishi ya tafsiri halipaswi kuwekwa kwenye jalada tu. Linatakiwa lichapwe na mashine juu ya kila ukurasa, pamoja na tarehe ya toleo, kwa kuwa ukurasa mmoja uliotolewa fotokopi Nyamirambo husafiri bila jalada lake.